Mombasa kwa Saa Zake: Siku Mbili za Kula na Kutembea Mji wa Kale

Mpwa wangu alikuja Mombasa mara ya kwanza na orodha ndefu ndani ya simu. Alikuwa ametoka Arusha, ana siku mbili tu, na alitaka kuona na kuonja kila kitu. Saa 4:30 asubuhi alifika kwa mama anayeuza mahamri Kibokoni, akamkuta anasugua karai. Saa 6 akaingia Ngome ya Yesu, jua liko utosini, akatoka na kiu na picha za kuta nyeupe. Saa 8 akapita Ndia Kuu, milango mingi imerudishwa. Usiku akatafuta viazi karai, akaambiwa vimekwisha tangu magharibi. Akanijia nyumbani hoi: "Mjomba, mbona mji huu umelala?"

Nilimjibu neno ambalo ndilo kiini cha mwongozo huu. Kila chakula cha Mombasa kina saa yake, na kila mtaa una saa yake. Ukizijua saa hizo, mji utakupokea mwenyewe, na miguu haitachoka bure. Usipozijua, utapishana na mji siku nzima, wewe unaingia, wao wanatoka. Kesho yake tulitembea pamoja kwa kufuata saa, na njia tuliyopita ndiyo ninayokupa hapa, nikiiongezea siku ya pili.

KABLA HUJAFIKA

Mji wa Kale uko upande wa mashariki wa kisiwa cha Mombasa, ukitazamana na Nyali ng'ambo ya maji. Ukitoka Nairobi kwa treni ya Madaraka Express, iliyoanza safari zake mwaka 2017, utashuka Miritini, nje ya kisiwa. Hapo bado una safari ya matatu au teksi, kwa hiyo usimwahidi mtu kukutana naye mara tu treni inapofika. Ukitoka Tanga au Dar es Salaam kwa basi, utavuka mpaka Horohoro na Lunga Lunga, kisha utaingia kisiwani kwa feri ya Likoni. Mtembea kwa miguu halipi kitu kwenye feri hiyo.

Chagua majira. Kuanzia Desemba hadi Machi upepo ni wa kaskazi: joto ni kali, lakini maembe yamejaa sokoni, na ukiona ngowe, nunua. Aprili na Mei ni masika, na vichochoro hugeuka vijito. Juni hadi Septemba hupuliza kusi, hewa imepoa, na kutembea mchana kunawezekana. Kama una hiari, njoo wakati wa kusi.

Tafuta malazi ndani ya Mji wa Kale au karibu yake, ili uweze kutoka kwa miguu kabla jua halijachomoza. Beba noti ndogo na sarafu kwa ajili ya wauzaji wa barabarani, na uwe na pesa kwenye simu, kwani malipo mengi ya Mombasa, kiingilio cha makumbusho kikiwamo, hufanywa kwa simu. Beba pia kitambulisho au pasipoti. Raia wa Kenya na wenzao wa Afrika Mashariki hutozwa kiingilio nafuu kuliko wageni wa mbali, ila lazima uthibitishe utokako.

SAA 12 ASUBUHI: MAHAMRI KWA MBAAZI

Amka na adhana ya alfajiri. Kufikia saa 12 na robo kunapambazuka, na vichochoro vya Kibokoni vinanukia iliki. Hicho ndicho kifungua kinywa cha Mombasa: mahamri kwa mbaazi.

Unga wa mahamri hukandwa usiku uliotangulia kwa tui zito la nazi, sukari, hamira na iliki iliyotwangwa, ukaachwa uumuke. Asubuhi husukumwa, ukakatwa pembetatu, na kutumbukizwa kwenye karai. Simama karibu utazame. Mama haliachi hamri lijielee tu. Hulimwagia mafuta ya moto juu kwa upawa, haraka haraka, mpaka livimbe kama mto mdogo, ndipo aligeuze. Akilitoa, lipasue kwa mkono. Ndani likiwa na uwazi na mvuke unaonukia nazi, umefika pazuri. Likiwa limeshikamana kama mkate, kula hilo moja na kesho ujaribu kwingine. Mbaazi nazo ziwe zimelainika bila kupondeka, na tui lake liwe zito kiasi cha kushika kwenye hamri unapochovya.

Utamjuaje mpishi mzuri? Tazama watoto. Panapotumwa watoto wa mtaa na mabakuli ya kubebea mbaazi, hapo wenyewe wamekwisha kuchagua. Hakuna kibao kinachoshinda ushahidi huo. Kunywa chai ya maziwa, au chai ya rangi yenye tangawizi, na kama bado una nafasi ongeza kitumbua kimoja. Saa 3 mahamri yanapungua. Saa 4 karai linaoshwa.

SAA 2 ASUBUHI: NGOME YA YESU

Ngome hufunguliwa saa 2. Ingia wakati huo, jua likiwa bado upande wa bahari na kuta zikitoa kivuli. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na kuimaliza 1596, kwa mchoro wa mhandisi wa Kiitaliano, Giovanni Battista Cairati. Ukiiona kwenye ramani, ina umbo la mtu aliyelala chali. UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011.

Wageni wengi hupanda ukutani, wakapiga picha na mizinga, wakatoka. Wewe kaa kwa muda wa saa mbili nzima, na tafuta mambo matatu.

La kwanza ni kuta zenyewe na kumbukumbu ya mazingiwa. Machi 1696 majeshi ya Oman yaliizingira ngome hii, na yakaiingia Desemba 1698, baada ya karibu miaka mitatu. Walioangamia ndani waliuawa zaidi na maradhi na njaa kuliko risasi. Mwaka 1697, Wareno wakiwa wamekwisha kufa karibu wote, ulinzi ulishikwa na Bwana Daud wa Faza, Mswahili, pamoja na jamaa zake, mpaka msaada ulipofika. Simama juu ya ukuta unaotazama mkondo wa bahari. Huko chini, mwaka 1697, ilizama manowari ya Kireno, Santo António de Tanna, iliyokuja kuwaokoa waliozingirwa. Wapiga mbizi waliichimbua kati ya 1977 na 1980, na vyombo walivyovitoa vimo katika ukumbi wa makumbusho. Vione baada ya kuiona bahari, ndipo vitakusemesha.

La pili ni michoro ya ukutani waliyoichora Wareno wenyewe: meli, watu, samaki. Ni mikono ya mabaharia waliokuwa mbali na kwao. Pita pia Nyumba ya Waomani, uketi kwenye ubaridi wake.

La tatu ni maneno. Neno letu "gereza" linatokana na neno la Kireno la kanisa, maana ndani ya ngome mlikuwa na kanisa, na wenyeji wakaiita ngome nzima kwa jina hilo. Kisha Waingereza wakaifanya ngome hii jela, kuanzia 1895 hadi 1958, na neno likabaki na maana tunayoijua leo. Mswahili anayeingia hapa anatembea ndani ya neno lake mwenyewe. Baada ya Wareno walitawala Wamazrui, na wakati wao ndio aliokuwapo Muyaka bin Haji, mshairi wa Mvita aliyetunga mashairi ya kuutetea mji huu dhidi ya Seyyid Said wa Oman. Mwaka 1837 ngome iliangukia mikononi mwa Seyyid Said.

SAA 4 ASUBUHI: NDIA KUU HADI BANDARI YA KALE

Toka ngomeni ushike Ndia Kuu. "Ndia" ni "njia" kwa Kimvita, lahaja ya Mombasa, na hapa utaisikia hai: "ndoo" badala ya "njoo", "mato" badala ya "macho", "tungu" badala ya "chungu". Mmisionari Ludwig Krapf alifika mji huu mwaka 1844, na kamusi yake ya Kiswahili, iliyochapishwa London mwaka 1882, imejaa maneno ya huku. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika hapahapa Mombasa ukachagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Mwenyeji wa Mvita akikusahihisha Kiswahili, mvumilie. Ana haki yake.

Katika Ndia Kuu tembea ukitazama juu. Roshani za mbao zilizochongwa zinaning'inia juu ya njia, na chini kuna milango ya nakshi na baraza za mawe mbele ya nyumba. Baraza si kiti cha kila mpita njia. Ukiwakuta wazee wameketi, salimu kwanza, "Salaam aleikum", au "Sabalkheri" kwa kuwa bado ni asubuhi. Mara nyingi atakayejibu ndiye atakayekuonyesha nyumba ipi ilikuwa ya nani.

Fuata njia mpaka uuone mnara mnene unaochongoka kuelekea juu, umepakwa chokaa. Huo ni Msikiti wa Mandhry, unaohesabiwa kuwa wa mwaka 1570, yaani ulikuwapo kabla ya ngome. Bado unasaliwa, kwa hiyo utazame kwa nje isipokuwa umekuja kusali au umekaribishwa.

Malizia kwenye Bandari ya Kale na uwanja ulio mbele yake. Hapa kaskazi ilikuwa ikileta majahazi ya Uarabuni, Ghuba na India, yakiwa na tende, samaki wakavu na mazulia. Kusi ikayarudisha na boriti na pembe. Soko la samaki la karibu lina pilika asubuhi tu, na hii ni sababu nyingine ya kuwahi. Kabla ya kutoa kamera bandarini, muulize askari aliye langoni.

SAA 7 MCHANA: WALI

Mchana Mombasa hula wali. Agiza wali wa nazi kwa samaki wa kupaka. Samaki huyo huchomwa kwanza juu ya makaa, kisha hupakwa tui zito lililopikwa na ndimu au ukwaju, manjano, tangawizi na pilipili, akarudishwa motoni, akapakwa tena, mpaka tui limkaukie mwilini. Mkahawa unaompika kwa kummwagia mchuzi tu umekata njia. Muulize mpishi, "Samaki yuko makaani?" Akikuonyesha jiko, keti.

Siku nyingine kula pilau kwa kachumbari. Biriani iache mpaka Ijumaa, nitaeleza chini. Usishangae ukiletewa ndizi mbivu kando ya sahani ya wali. Inaliwa pamoja na wali, tonge kwa kipande, na utamu wake unatuliza pilipili. Mpwa wangu aliiweka kando kuwa matunda ya mwisho. Mwenye mkahawa akamwonyesha kwa sahani yake mwenyewe, na tangu hapo huko Arusha hali pilau bila ndizi.

Kibokoni na mitaa inayopakana na Makadara ina mikahawa mingi ya Kiswahili. Recoda ni jina la siku nyingi. Muulize mtu yeyote Kibokoni atakuelekeza. Kanuni ya jumla ni hii: uliza kilichopikwa leo kabla ya kuomba orodha. Vyakula vyetu vya nazi havingoji, na mpishi anajua sufuria ipi imetoka sasa hivi.

SAA 8 HADI SAA 10: PUMZIKA

Saa hizi mbili ni za kulala. Maduka hurudisha milango, paka hujinyoosha kwenye baraza, na joto hupenya hadi chini kabisa ya kichochoro. Nenda chumbani, oga, lala. Aliyelala mchana Mombasa anapata siku ya pili ndani ya siku moja, na jioni utaihitaji.

SAA 10 ALASIRI: VIAZI KARAI

Baada ya sala ya alasiri karai hurudi barabarani, safari hii kwa viazi na bhajia. Kiazi huchemshwa, kikamenywa, kikakatwa, kikatumbukizwa kwenye rojo la unga lenye manjano, kisha kwenye mafuta. Hutoka na gamba jembamba la njano linalovunjika kwa jino, na ndani laini. Utaulizwa, "Ukwaju au nazi?" Jibu ni vyote viwili: chatne ya ukwaju kwa ukali, ya nazi kwa upole. Kula umesimama, kingali cha moto, maana kikipoa gamba hulegea.

Kaa ufikirie unachokula. Kiazi, muhogo na pilipili vilitoka Amerika, na Wareno waliojenga ile ngome ndio walioeneza mimea mingi ya huko katika pwani za Afrika na Asia. Unga wa dengu wa bhajia na mapishi yake yamekuja na Wahindi. Nazi inaangushwa hapahapa pwani. Historia uliyoisoma asubuhi kwenye makumbusho, jioni imo katika karatasi mkononi mwako.

SAA 11 JIONI: MAMA NGINA

Chukua tuktuk, mpatane bei kabla ya kupanda, na mwambie dereva akupeleke Mama Ngina. Wenyeji wengi hupaita Lighthouse, kwa sababu ya mnara wa taa. Ufuo wa mbele ulitengenezwa upya, na sherehe za Mashujaa za mwaka 2019 zilifanyika hapo. Mibuyu mikubwa ilikuwapo tangu zamani, na ingali pale.

Hapa ndipo Mombasa nzima hupunga upepo. Nunua muhogo wa kukaanga: muuzaji huupasua katikati, akaupaka pilipili na chumvi, akaukamulia ndimu. Chukua na dafu. Ukimaliza maji yake, mrudishie muuzaji alipasue, akukatie kipande cha gamba uwe nacho kijiko cha kukwangulia nyama laini ya ndani. Watoto wanunulie mabuyu yenye sukari nyekundu, na ujiandae kwa midomo na vidole vyekundu.

Kisha keti ukitazama bahari. Meli za makontena hupita karibu sana zikiingia au kutoka Kilindini, hata huonekana kama jengo linalotembea nyuma ya mibuyu. Watu hunyamaza kidogo meli ikipita, wazee kwa watoto. Magharibi huingia karibu saa 12:30. Rudi mjini kabla giza halijatanda.

USIKU: MISHKAKI NA KAHAWA TUNGU

Baada ya sala ya isha moshi wa mishkaki hupanda kwenye kona za Makadara na Mwembe Tayari. Nyama hulazwa kwenye tangawizi, kitunguu saumu na papai bichi linaloilainisha, ikachomwa juu ya makaa. Kula kwa mkate wa mofa ukiupata, ama chapati. Mkiwa familia na mnataka kuketi mezani, Tarboush, katika barabara ya Makadara, panafahamika na kila dereva wa tuktuk, kuku wa kuchoma akiwa mezani pa karibu kila mtu.

Funga siku kwa kahawa tungu. Utamsikia muuzaji kabla ya kumwona: anagonganisha vikombe vidogo vya udongo, ka-ka, ka-ka, kwa mdundo wake. Mkononi ana dele ya shaba, chini yake kijaluba cha makaa kinachoiweka moto. Kahawa ni nyeusi, chungu, ina tangawizi, na haitiwi sukari. Utamu unautafuna kando: kashata ya nazi, tende, au halwa. Halwa ni urithi wa Oman, hukorogwa kwa saa nyingi kwenye sufuria kubwa kwa sukari, wanga, samli na iliki. Nunua ile iliyotoka jikoni siku hiyo, na uombe kuonja kabla ya kupimiwa.

Keti kwenye benchi, usalimu "Masalkheri", unywe polepole. Mazungumzo ya hapo ni ya mpira, siasa na bei ya samaki. Sikiliza kabla ya kutia neno. Ukimaliza, mrudishie kikombe mkononi. Akitaka kukuongeza nawe umetosheka, sema tu "Shukran".

SIKU YA PILI: SOKO, LESO NA MAGOFU

Asubuhi ya pili, baada ya mahamri, nenda Marikiti, soko la viungo. Saa 3 ni saa nzuri, mizigo imefunguliwa na msongamano haujawa mkubwa. Nunua mdalasini wa magamba badala ya uliosagwa, iliki ya kijani isiyopasuka, karafuu inayoacha mafuta kidoleni ukiibonyeza kwa ukucha. Bizari ya pilau mwambie muuzaji akusagie mbele yako. Zafarani ya bei rahisi mno achana nayo. Patana bei kwa tabasamu, na ukishakubali bei, usirudi nyuma.

Kutoka hapo ni hatua chache hadi Biashara Street, mtaa wa leso. Mombasa hatusemi kanga, tunasema leso, na neno hilo nalo ni la Kireno. Duka la Kaderdina Hajee Essak lilianza mwaka 1887, na alama yake, "Mali ya Abdulla", imo kwenye leso za bibi zetu wengi. Chagua kwa jina kwanza, yaani maandishi yaliyo kwenye leso, kisha rangi. Msomee muuzaji jina umwambie unampelekea nani, mama, wifi au rafiki. Atakuzuia usipeleke fumbo la ugomvi kwenye nyumba ya amani. Leso huuzwa jozi haijakatwa. Mafundi wa mtaani hapo wataikata na kuipinda mara moja.

Saa 9 alasiri, kama una nguvu, panda matatu ya Mtwapa, kama kilomita 15 kaskazini, ukatembelee Jumba la Mtwana. Huu ni mji wa Waswahili wa karne ya 14, ulioachwa katika karne iliyofuata. Yamebaki magofu ya nyumba na misikiti chini ya miti mikubwa, na msikiti mmoja umesimama ukingoni mwa bahari kabisa. Kaa humo ukisikiliza mawimbi. Ngome inakuonyesha waliokuja kututawala; Jumba la Mtwana linakuonyesha tulivyokaa kabla hawajafika. Kwa sababu hiyo nakuomba usiliache.

IJUMAA NA RAMADHANI

Ijumaa ina saa zake. Kuanzia saa 6 mchana mji huelekea msikitini na maduka mengi hufungwa. Usipange ziara wakati huo. Baada ya sala hutoka biriani, na Ijumaa ndiyo siku yake. Biriani ya kwetu wali huwa mbali na masala yake, mchuzi mzito wa nyama, kitunguu cha kukaanga na maziwa lala. Fika kabla ya saa 8, maana sufuria ikiisha hairudi motoni.

Mwezi wa Ramadhani saa zote hugeuka. Mchana mikahawa mingi ya Mji wa Kale hufungwa. Kama hufungi, kula chumbani, na usitembee ukitafuna au ukinywa maji barabarani. Lakini kuanzia saa 10 meza za futari hupangwa njiani: kaimati, muhogo wa nazi, tambi, mkate wa sinia, sambusa, tende. Adhana ya magharibi ikilia, mtu usiyemjua anaweza kukupa tende. Ipokee kwa mkono wa kulia. Mji hukesha mpaka usiku wa manane, na kwa mpenda kula, hakuna mwezi unaoushinda huu.

ADABU ZA KUTEMBEA

Vaa nguo za heshima, zinazofunika mabega na magoti, wanaume kwa wanawake. Usimpige mtu picha bila kumwomba, hasa akina mama wenye buibui na watoto. Mlango ukiwa wazi si ruhusa ya kuchungulia. Piga hodi, ungoje. Atakayejitolea kukuongoza, muulize bei mwanzo na si mwisho. Vito na simu viweke ndani, usiku tembea njia zenye watu, na kichochoro usichokijua kiachie mchana.

Mpwa wangu alirudi kwao asubuhi ya tatu. Basi lake lilikuwa la saa 2, na saa 12:20 alikuwa tayari Kibokoni, wa tatu kwenye foleni, nyuma ya watoto wawili wenye mabakuli. Mama wa mahamri alimtazama, akakumbuka. "Wewe ndiye uliyekuja karai limekwisha oshwa," akamwambia. "Leo umeijua saa." Akamfungia kumi ya njiani, akamwongezea mawili.